Kuchagua Mshipi Penye Nguru na Mzia: Maelezo kwa Kamati za Sharika na Wafadhili



Katika maombi ya vikundi vya wavuvi yanayotufikia kupitia kamati za sharika, kuna mstari mmoja unaozua maswali kuliko mingine yote. Si wa injini wala wa boti. Ni ule unaosomeka "mishipi, waya na ndoano". Wajumbe wa kamati huuliza kwa nini kikundi kimoja kihitaji nailoni za unene wa aina tatu. Watunza hazina huuliza waya ni wa nini ikiwa mshipi umeshanunuliwa. Na mgeni wetu mmoja kutoka usharika rafiki katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambaye kwao huvua kwa kujifurahisha, aliuliza swali lililo bora kuliko yote: kwa nini vikundi visinunue mshipi mmoja mnene usiokatwa na samaki yeyote, mambo yakaisha?

Mgeni huyo aliuliza akijua anachouliza. Katika maziwa ya kwao watu humtafuta samaki aitwaye besi, mwenye mdomo mpana na meno madogo kama msasa, ambaye hawezi kukata uzi. Lakini ndani ya maji hayo hayo yupo paiki, samaki mrefu mwenye meno makali, ambaye hachagui. Akiona chambo cha besi hukirukia na kuondoka na ndoano. Ukifunga mshipi mwembamba, paiki anakufilisi. Ukifunga mnene au ukaweka waya mrefu, besi anakiona kitu kisicho cha kawaida na kukataa chambo. Wavuvi wetu wa Msasani, Kunduchi na Kigamboni wanaishi na shida hiyo hiyo, ila majina ya samaki ndiyo tofauti. Mahali pa besi weka changu na chewa, na mahali pa paiki weka nguru na mzia. (Besi wenyewe wapo Afrika Mashariki. Walipandikizwa katika Ziwa Naivasha, Kenya, miaka ya 1920. Lakini ziwa lile halina samaki wa kukata mishipi, hivyo mvuvi wa kule halali akiwaza jambo hili.)

Tunalieleza suala hili kwa urefu kwa sababu fedha inayopotea hapo si ndogo kama inavyoonekana. Mvuvi wa mshipi akipoteza ndoano, chubwi na pima kadhaa za nailoni mara nne au tano kwa siku, faida ya siku hiyo imezama. Tumeshuhudia kikundi kikichelewesha marejesho ya mkopo wake, si kwa kukosa samaki, bali kwa kununua zana upya kila wiki.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Mshipi mkuu uchaguliwe kwa ajili ya samaki anayetafutwa. Kinga dhidi ya meno iwekwe kwenye kipande kifupi tu kilicho karibu na ndoano, na iwekwe pale tu ambapo kuna ushahidi kwamba kweli ni meno yanayokata. Hilo la ushahidi ndilo linalosahaulika mara nyingi, nasi tutalirudia.

NANI HUKATA MSHIPI

Si kila samaki mwenye meno ni mkataji. Changu ana meno ya mbele yanayochoma na ya pembeni yaliyo butu ya kusagia kaa na konokono. Huchubua nailoni lakini ni mara chache aikate. Chewa, ambaye kwa mdomo mpana na tabia ya kujificha anafanana sana na besi wa wenzetu, hufungua kinywa na kummeza windo zima. Meno yake ni mengi na madogo, kazi yake ni kushika. Kolekole na jodari nao hawakati.

Nguru ni habari nyingine. Meno yake yamepangwa mstari mmoja, yako bapa na yana ncha ya pembetatu, makali pande zote mbili kama kisu cha kuparia samaki. Huja kwa kasi kubwa na mara nyingi humkata windo mkia kwanza ili asikimbie, ndiyo maana wavuvi huvuta juu chambo kilichobaki kichwa na ndoano. Nguru mkubwa anaweza kuzidi urefu wa mita 2, ingawa wengi wanaofika Soko la Samaki la Feri ni wadogo kuliko huyo. Mzia ana meno marefu na mafupi yaliyochanganyika, ya kuchoma na kushikilia, naye huvutwa sana na kitu kinachong'aa. Papa tunamtaja tu, maana vikundi vyetu havimtafuti.

Wapo na wakataji wadogo ambao wageni hawawafikirii. Bunju ana meno yaliyoungana yakawa kama mdomo wa kasuku, na anaweza kukata nailoni taratibu bila mvuvi kuhisi chochote mkononi. Kikande naye ana meno ya kutafunia vitu vigumu. Mvuvi akivuta mshipi mtupu mara tatu mfululizo bila kuhisi mkurupuko, mara nyingi hakuna nguru pale. Kuna bunju. Dawa si waya bali ni kuhamisha chombo. (Na bunju asiliwe kamwe. Sumu yake huua, na haiishi kwa kupikwa.)

Kwa sharika zetu za upande wa Rufiji, ambako wapo wanaovua mtoni, mkataji ni yule samaki wa maji baridi mwenye meno marefu yanayoonekana hata akifunga mdomo, ambaye wataalamu humwita Hydrocynus. Yote tutakayosema kuhusu kipande kifupi cha waya yanafaa kule pia.

SOMA NCHA YA MSHIPI

Mwalimu bora katika jambo hili ni ile ncha inayorudi juu baada ya mshipi kukatika. Wavuvi wengi huitupa baharini wakiwa na hasira. Sisi tunaomba irudishwe nyumbani.

Ncha iliyokatika kwa meno ya nguru huwa safi, kama iliyokatwa kwa wembe, wakati mwingine kwa mshazari. Juu ya hapo nailoni ni laini kabisa ukipitisha ukucha. Ncha iliyokatwa na mwamba au matumbawe ni tofauti. Imechakaa, imekwaruzika, ina manyoya meupe, na ukipitisha vidole kurudi juu unahisi mikwaruzo kwa urefu wa nusu pima au zaidi. Ncha iliyojiviringa kama mkia wa nguruwe inasema fundo limefunguka, hapo hakuna samaki wa kulaumiwa. Na ncha iliyonyooka ikawa nyembamba kuliko kawaida inasema mshipi umezidiwa uzito, au nailoni ni ya zamani na imechomwa na jua.

Kikundi kimoja kilituomba fedha za waya kwa sababu, kwa maneno ya katibu wao, "nguru wanatumaliza". Tuliwaomba wabandike kila ncha kwenye daftari kwa gundi, waandike tarehe, mahali na kina cha maji. Kurasa zilipojaa, kilichoonekana wazi ni kwamba nyingi ya ncha zile zilikuwa zimechakaa na kukwaruzika. Wakataji walikuwa matumbawe. Chewa alikuwa akishika chambo, anaingia shimoni, na mshipi unasuguliwa ukingoni mpaka unakatika. Mara nyingine hapakuwa na samaki hata mmoja: ni chubwi tu iliyonasa kwenye jiwe. Kama tungeidhinisha waya, fedha ingetumika na hasara ingeendelea vilevile, huku changu wakikimbia chambo.

Walichohitaji kilikuwa rahisi zaidi. Chubwi ilifungwa kwa kipande cha nailoni nyembamba kuliko mshipi wenyewe. Ikinasa, kipande kile dhaifu kinakatika, chubwi inabaki chini, lakini ndoano, samaki na mshipi vinarudi. Baadhi yao waliacha risasi wakafunga mawe, ambayo hayauzwi. Kipande cha karibu na ndoano kilibadilishwa kikawa nailoni nene zaidi inayostahimili kusuguliwa. Waya haukununuliwa kabisa kwa uvuvi wa chini. Ulinunuliwa kidogo kwa wale wawili wanaorambaza, yaani wanaokokota chambo nyuma ya ngalawa wakiwatafuta nguru.

NAMBA 40 INA MAANA TATU

Vikundi vingi hununua zana katika maduka ya Kariakoo, kwenye mitaa inayokatiza Mtaa wa Msimbazi na ile ya nyuma yake. Bei ni nafuu na bidhaa ni nyingi. Tatizo ni lugha. Mishipi huitwa kwa namba, na namba hizo hazina mama mmoja.

Mfano: kikundi kinaandika kwenye ombi "nailoni namba 40". Muuzaji mmoja anaelewa unene wa milimita 0.40. Nailoni hiyo hubeba takribani kilo 10 ikiwa mpya. Muuzaji wa pili anaelewa ratili 40, ambazo ni kilo 18, na unene wake ni karibu milimita 0.60. Wa tatu anasoma karatasi ya Kijapani, ambayo ina hesabu yake yenyewe, na kwao namba 40 ni mshipi wa zaidi kidogo ya milimita 1. Ankara kifani tatu kutoka maduka matatu zinaweza kuonekana kama zinashindana bei kumbe zinauza vitu vitatu tofauti. Kamati ikichagua ya bei ya chini kwa nia njema ya kutunza fedha ya wafadhili, mvuvi anapelekewa uzi wa changu kwenda nao kwa nguru.

Kwa hiyo tunaomba ankara kifani zote ziandikwe vitu vitatu: unene kwa milimita, uzito unaobebwa kwa kilo, na urefu kwa mita. Duka lisilotaka kuandika hivyo liachwe. Risiti ya EFD nayo idaiwe kama kawaida.

Urefu una hesabu yake ambayo watunza hazina wataipenda. Uimara wa nailoni hufuata eneo la duara lake, si unene peke yake. Ukizidisha unene mara mbili, uimara huongezeka karibu mara nne, lakini na nailoni inayotumika ni mara nne. Kibunda cha gramu 100 cha unene wa milimita 0.60 kina karibu mita 310. Kibunda cha uzito huo huo cha milimita 1 kina karibu mita 110 tu. Hapo ndipo swali la mgeni wetu linapojibiwa kwa upande wa fedha. Mshipi mnene tangu mkononi mpaka kwenye ndoano unakula nailoni karibu mara tatu zaidi, unasukumwa sana na mkondo wa maji hivyo unahitaji chubwi nzito zaidi, nao huleta changu wachache zaidi. Tena nguru akiutia meno vizuri anaukata tu, maana hata milimita 1 ya nailoni si chuma.

Kabla ya kulipa, kamati inaweza kupima yenyewe, hata uani kwa kanisa. Chukueni ndoo ya lita 20, tieni maji lita 15, mtakuwa na kilo 15 na uzito wa ndoo juu yake. Fungeni mshipi unaodaiwa kubeba kilo 18 kwa fundo zuri, kisha inueni taratibu bila kushtua. Mshipi ukikatika, rudisheni. Msishangae ukikatikia kwenye fundo, maana fundo ndilo sehemu dhaifu, na ndiyo sababu fundo hulowanishwa kwa mate au maji kabla ya kukazwa: likikazwa kavu, nailoni hupata joto la msuguano na kudhoofika. Mwangalie pia kibunda kilikuwa kimekaa wapi. Kile kilichoning'inizwa mlangoni kwenye jua kwa miezi mingi kimeshapungua nguvu hata kama karatasi yake bado inang'aa.

AINA ZA NYUZI NA ZAWADI KUTOKA NJE

Nailoni ilitangazwa na kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1938. Kabla yake wavuvi wa dunia walitumia pamba, kitani na hariri, nyuzi zinazooza zisipoanikwa. Nailoni ya uzi mmoja bado ndiyo tunayoipendekeza kwa mshipi mkuu wa mkono. Ni rahisi kupatikana na kufunga, na hunyumbuka. Kunyumbuka huko ni faida kubwa kwa mtu anayevua kwa mkono, kwa sababu samaki akishtuka ghafla mshipi unapokea kishindo kabla ya kiganja.

Zipo nyuzi za kusuka za poliethilini, ambazo zilienea katika uvuvi wa burudani miaka ya 1990. Zina nguvu ya ajabu kwa wembamba wake, wala hazinyumbuki. Wenzetu wa nje wanaovua kwa fimbo yenye gurudumu la kukunjia uzi wanazipenda, na mara mbili tumepokea maswali ya sharika rafiki kama wanaweza kututumia vibunda walivyobaki navyo. Tunashukuru kwa moyo huo, lakini tunaomba visitumwe. Uzi huo ukivutwa na samaki wa kilo 10 hukata kiganja cha mvuvi asiye na fimbo kama kisu. Hautelezi salama kwenye ukingo wa tumbawe. Na dhidi ya meno hausaidii, maana wembamba wake humpa nguru kazi ndogo zaidi.

Ipo pia florokaboni, iliyoanzia Japani, ambayo ndani ya maji haionekani sana kama nailoni, ni nzito kuliko maji na ni ngumu kukwaruzika. Kwa kipande cha karibu na ndoano cha kuvulia changu wajanja ni kitu kizuri. Bei yake ni mara kadhaa ya nailoni, na nguru anaikata vilevile. Kwa fedha ya mradi tumeona nailoni nene inatosha.

Kuhusu rangi, tumeshuhudia mabishano makali kuliko yanayostahili. Wapo wanaoapa kwa mshipi mwekundu, na kwa kuwa ununuzi unafanyika Msimbazi haishangazi, ingawa mashabiki wa Jangwani nao wana kijani chao. Ukweli ni kwamba mwanga mwekundu hupotea katika mita chache za kwanza za maji, hivyo mshipi mwekundu kule chini huonekana wa kijivu. Mshipi mkuu uwe wa rangi ambayo mvuvi mwenyewe anaiona kwa urahisi, na kipande cha karibu na ndoano kiwe kisicho na rangi. Hakuna haja ya kulipia zaidi ya hapo.

WAYA: LINI, MREFU KIASI GANI

Daftari likionyesha ncha safi, zilizokatwa kama kwa wembe, waya unahitajika. Lakini uwe mfupi. Kwa kuvua chini penye mzia wa hapa na pale, sentimita 15 hadi 20 zinatosha, kwa sababu samaki hukata karibu na mdomo wake. Kwa kurambaza nguru, ambaye huja kwa kasi na huweza kupitisha kichwa mbele ya chambo, sentimita 40 hadi 50. Mita nzima ya waya, kama tulivyoona kwenye baadhi ya maombi, ni kumfukuza samaki kwa gharama.

Aina ziko mbili. Waya wa uzi mmoja wa chuma kisichoshika kutu ni mwembamba na samaki hauoni kirahisi, lakini ukipinda mara moja kwa pembe kali umekwisha. Ukinyooshwa na kutumiwa tena utakatika pale pale palipopinda, na kwa kawaida utakatika samaki mkubwa akiwa upande wa pili. Waya wa nyuzi nyingi zilizosokotwa ni mnene kidogo, hupinda bila kuvunjika na hufaa mvuvi anayekunja zana zake kwenye kopo. Huo ndio tunaoupendelea. Wapo wanaofumua waya wa breki za baiskeli. Tunaiheshimu busara hiyo, nayo hufanya kazi kwa siku chache, lakini maji ya chumvi huingia kati ya nyuzi na kutu huanza ndani kabla ya kuonekana nje. Ukitumika, ubadilishwe kila wiki.

Waya na nailoni visifungwe fundo moja kwa moja, maana waya huikata nailoni. Katikati huwekwa kile kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka, ambacho pia huzuia mshipi usijisokote. Kinunuliwe cheusi. Vile vinavyong'aa vinapendeza dukani, lakini nguru na mzia huvirukia kama dagaa, na wakivirukia wanakata nailoni juu ya waya, na kinga yote inakuwa bure.

Palipo na shaka, kwa mfano mahali ambapo changu ni wengi na nguru hupita mara moja moja, ipo njia ya kati: kipande cha nusu pima cha nailoni ya milimita 1 au 1.2 badala ya waya. Hakitamzuia nguru aliyeuma vizuri, lakini kitastahimili mkwaruzo mmoja au miwili ya meno, na changu hawatakikataa kama wanavyoukataa waya. Mvuvi akague kipande hicho kwa ukucha kila baada ya samaki na akikate panapokwaruzika. Kuna wazee wa Kunduchi wanaofanya hivi bila kufundishwa na mradi wowote, na sisi tulichofanya ni kuandika tu.

SHERIA

Kamati mbili ziliogopa kuidhinisha nailoni zikidhani imepigwa marufuku. Hofu hiyo ina chanzo. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, zinakataza nyavu zilizotengenezwa kwa nailoni ya uzi mmoja. Katazo hilo ni la nyavu. Mshipi wa mkono wenye ndoano unaruhusiwa, ili mradi mvuvi na chombo chake wana leseni na wanafuata utaratibu wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha ufukwe wao, yaani BMU. Hiyo ni sababu mojawapo ya dayosisi kuunga mkono mshipi zaidi ya juya. Mshipi huchagua samaki na haukwangui sakafu ya bahari. Wakazi wa pwani hii, waliosikia milipuko ya baruti miaka nenda miaka rudi kabla ya operesheni za serikali kuipunguza sana baada ya mwaka 2015, hawahitaji kuelezwa kwa nini hilo ni muhimu. Msomaji wa Injili naye atakumbuka kwamba Petro, mtu wa nyavu, alitumwa mara moja kwenda kutupa ndoano, katika Mathayo 17.

Tahadhari moja: visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vimo katika maeneo ya hifadhi za bahari tangu mwaka 1975. Mshipi, hata uwe halali, haupelekwi kule.

Na nailoni haiozi. Kipande kilichotupwa baharini kitaendelea kunasa kasa na ndege muda mrefu baada ya aliyekitupa kusahau. Ndiyo faida ya pili ya daftari letu: ncha na vipande vibovu vinarudi nchi kavu.

UTARATIBU WA MAOMBI YA ROBO IJAYO

Maombi ya zana za mshipi yapitie kamati ya usharika kwanza, kisha yafike ofisi ya miradi yakiwa na ankara kifani zisizopungua tatu, zote zikitaja milimita, kilo na mita. Yaambatane na kurasa za daftari za miezi mitatu, ncha zikiwa zimebandikwa. Kikundi kisicho na daftari kitapewa nailoni na ndoano tu kwa robo ya kwanza, na waya utafikiriwa baada ya kurasa kuonekana. Kwa wafadhili wanaopenda kuchangia kwa vitu, kinachohitajika zaidi sasa ni mizani za kuning'iniza za kilo 25, moja kwa kila kikundi, ili ndoo za uani zipumzike, pamoja na daftari zenye jalada gumu na gundi isiyoyeyuka kwa unyevu.